Fomu ya Mwisho wa Muhula Haimsaidii Aliyeijaza

Muhula ukikaribia kwisha, vyuo vikuu vingi huwagawia wanafunzi fomu ya kumtathmini mhadhiri. Alifika darasani kwa wakati? Alieleweka? Alikuwa tayari kujibu maswali? Weka alama kuanzia 1 hadi 5, na ukipenda andika maoni kwenye kile kisanduku kidogo cha chini. Fomu hukusanywa, kompyuta hupiga wastani, kisha ripoti ya chuo hutangaza kwamba sauti za wanafunzi zimesikika.

Mimi ni mhadhiri, na kwa maoni yangu fomu hizo ndizo zinazotuzuia kuwasikiliza wanafunzi. Zinatupa ushahidi kwamba tumeuliza, nasi tukishakuwa na ushahidi huo tunalala usingizi.

Tazama tu wakati wake. Mwanafunzi anaulizwa kozi ilikuwaje ilhali kozi imeshakwisha. Jambo lililomkwamisha wiki ya tatu amekwama nalo mpaka mtihani, na anajua kwamba hata likirekebishwa, atakayefaidi ni mwanafunzi wa mwaka ujao asiyemfahamu. Basi anachora mstari mmoja wa 4 kutoka juu hadi chini, anaondoka. Wengine hata hawaifungui. Siwalaumu.

Na zikijazwa kwa moyo mmoja, zinapima nini hasa? Mwaka 2017 Bob Uttl na wenzake walikusanya tafiti za miongo kadhaa zilizolinganisha alama wanazopewa wahadhiri na kiasi ambacho wanafunzi wao walijifunza. Hawakuona uhusiano wa maana kati ya mambo hayo mawili. Mwaka 2015 lilichapishwa jaribio dogo la Marekani, katika kozi ya mtandaoni ambako wanafunzi hawakuwaona walimu wao. Walimu wasaidizi wawili, mwanamume na mwanamke, kila mmoja alifundisha kundi moja kwa jinsia yake na kundi jingine akijitambulisha kwa jinsia ya mwenzake. Aliyedhaniwa kuwa mwanamume alipewa alama za juu zaidi, awe kweli ni mwanamume au la. Namba hizi ndizo baadhi ya idara huziweka mezani zinapojadili mkataba wa mtu.

Ninachopendekeza ni kwamba mwanafunzi aitwe mezani kozi ikiwa bado karatasi, wakati kila kitu kinaweza kufutwa na kuandikwa upya. Aitwe kama mbia katika kazi, mwenye haki ya kusema "hili halitafanya kazi" na kupewa jibu.

Mhadhiri anayeandaa kozi huiona kwa upande wake: mada zipi, vitabu vipi, mitihani mingapi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hajui kwamba wiki ya tisa, aliyoipangia insha ya maneno 3,000, ndiyo wiki ambayo kozi nyingine tatu zimeweka majaribio. Wala hakuna aliyefanya kosa hapo, kwa sababu kila mhadhiri ameangalia kalenda yake. Anayebeba kalenda zote nne kichwani ni mwanafunzi peke yake, na katika idara nyingi hakuna kikao ambacho mtu huyo anaulizwa kabla tarehe hazijachapishwa. Ni jambo la dakika kumi. Kwa kutolifanya tunapokea insha mbovu kutoka kwa watu wenye uwezo, halafu tunakaa kwenye chumba cha wahadhiri tukilalamika kwamba kizazi hiki hakijui kuandika.

Chukua swali lenyewe la insha. "Jadili kwa kina" ni maneno yaliyo wazi kabisa kwa aliyeyatunga. Mpe swali hilo mwanafunzi aliyemaliza kozi mwaka uliopita, mwombe akuambie angeanzia wapi. Mmoja atasema angeeleza historia ya nadharia. Mwingine atasema angechagua upande na kuutetea. Wa tatu atakuuliza, kwa adabu zote, kama kurudia yaliyomo kwenye noti zako kunahesabiwa. Wote watatu ni wanafunzi wazuri. Swali ndilo halikusema linataka nini, na mtungaji hawezi kuliona hilo kwa sababu jibu analo tayari kichwani anapolisoma. Nimeona maswali ya miaka mingi yakibadilishwa kwa nusu saa ya mazungumzo ya namna hii. Kila liliporekebishwa, lilizidi kuwa gumu: mwanafunzi akishajua anatakiwa kutetea hoja, hawezi tena kujificha nyuma ya muhtasari wa kitabu.

Kuna na jambo la tatu, ambalo kwangu ndilo la thamani kuliko yote. Katika kila fani ipo dhana ambayo mhadhiri huipita haraka kwa kuwa ameizoea. Katika uchumi ni gharama ya fursa, yaani thamani ya kile unachokiacha unapochagua kingine: inaelezwa kwa dakika tano, na wiki nyingi zinazofuata zinasimama juu yake. Mwanafunzi aliyepita humo anaweza kukuonyesha hata slaidi ambapo aliacha kuelewa akaanza kukariri. Mitihani haiwezi kukuonyesha mahali hapo, maana aliyekariri vizuri hufaulu. Fomu nayo haiwezi, maana haina swali kama hilo. Mhadhiri mwenzako pia hawezi, kwa kuwa naye alishavuka mto huo zamani na amesahau kina chake.

Mwaka 1969 Sherry Arnstein, Mmarekani aliyeandika kuhusu ushiriki wa wananchi katika mipango ya miji, alichora ngazi yenye vidato vinane. Chini kabisa kuna ulaghai, juu kabisa kuna wananchi wenye mamlaka kamili. Kuuliza maoni aliuweka kwenye kidato cha nne, na kuweka watu wachache kwenye kamati ili watulie aliuweka kwenye cha tano. Vyote viwili aliviita ushiriki wa kujionyesha. Ubia ulianza kidato cha sita. Hakuwa akizungumzia vyuo vikuu hata kidogo, lakini mkuu wa idara yeyote anaweza kupima idara yake kwa ngazi hiyo: fomu ni cha nne, na mwakilishi mmoja wa wanafunzi anayekaa kimya kwenye bodi yenye maprofesa kumi na wanane ni cha tano. Wengi wetu tumesimama hapo na tunadhani tumefika juu.

Wapo waliopanda zaidi. Huko Bryn Mawr na Haverford, vyuo viwili jirani nchini Marekani, kuna mpango aliouongoza Alison Cook-Sather tangu miaka ya 2000 ambamo mwanafunzi hufanya kazi na mhadhiri kwa muhula. Mwanafunzi huyo hasomi kozi hiyo, na mara nyingi hata fani si yake. Kila wiki huketi darasani kipindi kimoja, huandika kwa undani anachokiona, kisha hukutana na mhadhiri wakaongea. Nani aliuliza swali? Mhadhiri alisubiri sekunde ngapi kabla ya kujijibu mwenyewe? Upande gani wa chumba haukutazamwa kabisa? Wanafunzi wanaofanya kazi hii hukutana pia wao kwa wao kila wiki kusaidiana, na hulipwa kwa saa zao. Mgeni njoo, mwenyeji apone: huyu hana alama ya kuipigania kwa mhadhiri huyo, kwa hiyo anaweza kusema alichokiona.

Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walikwenda mbali zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanafunzi wenyewe walianzisha kozi za mazingira na maendeleo, na kituo kilichozaliwa hapo, kinachoitwa CEMUS, kimeendelea kuajiri wanafunzi kama waratibu wa kozi: wao hupanga mada, hualika wahadhiri wa fani mbalimbali, huendesha semina, huku wasomi wa chuo wakisimama nao kuangalia ubora. Scotland ina shirika la kitaifa tangu 2003, sparqs, ambalo kazi yake ni kuwafunza wanafunzi namna ya kushiriki katika kuangalia ubora wa elimu. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kilianza kuchapisha jarida zima la utafiti kuhusu ubia huu, na makala zake nyingi zimeandikwa na wanafunzi pamoja na wahadhiri. Kwa hiyo anayesema jambo hili haliwezekani anachelewa.

Sasa nije kwenye pingamizi ninalolichukulia kwa uzito, kwa sababu mengine ni visingizio vya watu waliochoka.

Pingamizi ni hili: mwanafunzi hajui asichokijua, na hisia zake kuhusu kujifunza kwake zinaweza kumdanganya. Ni kweli, na ushahidi upo. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard walichapisha jaribio la darasa la fizikia ya mwanzo. Kundi moja lilisikiliza mhadhara laini kutoka kwa mwalimu hodari; kundi jingine lilipewa maswali yaleyale liyahangaikie kwa vikundi, kisha makundi yakabadilishana. Walipofundishwa kwa kuhangaika walijifunza zaidi, na maswali ya kuwapima yalionyesha hivyo. Lakini walipoulizwa, walisema wamejifunza zaidi kwenye mhadhara. Mhadhara mtamu unakupa hisia ya kuelewa bila kukupa uelewa wenyewe.

Kama ubia maana yake ni kuwafanyia wanafunzi wanachokipenda, basi Harvard wangerudi kwenye mihadhara mitamu na kila mtu angefurahi akiwa hajui. Na tusisahau kwamba tulishawahi kuwa na chuo kikuu kilichoendeshwa na wanafunzi. Huko Bologna, Italia, katika karne ya 13, wanafunzi wa sheria, wengi wao wageni katika mji huo na watu wazima wenye fedha, walijiunga katika chama na kuwabana walimu kwa kanuni. Mwalimu alitozwa faini akichelewa kuanza au akiendelea baada ya kengele. Alitozwa akiruka sura ya kitabu, au akiahirisha jambo gumu mpaka mwisho wa kipindi. Wasikilizaji wakiwa chini ya watano, alihesabiwa kuwa hakufika. Akitaka kusafiri nje ya mji aliweka amana ya kuthibitisha kwamba atarudi. (Nakiri kanuni ya kutoahirisha mambo magumu ingefaa kutumiwa kwa baadhi ya wenzangu.) Hilo lilikuwa soko: mteja mwenye fedha na mtoa huduma mwenye hofu. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo wanafunzi wa Bologna hawakulipata. Mitihani ya shahada ilibaki mikononi mwa walimu.

Siku hizi ile roho ya mteja imerudi kwa mlango mwingine. England, ambako ada ilipandishwa hadi kikomo cha pauni 9,000 kwa mwaka mwaka 2012, iliwazoesha watu kuongea juu ya mwanafunzi kama mnunuzi anayestahili kuridhishwa. Ubia ninaouzungumzia ni kinyume cha hilo. Mnunuzi hadaiwi chochote zaidi ya malipo. Mbia anadaiwa kazi: asome ushahidi, atetee pendekezo lake, akubali kushindwa kwa hoja.

Na hapo ndipo jaribio la Harvard linapokuwa hoja yangu badala ya kunipinga. Mhadhiri akiligeuza darasa lake kuwa la kuhangaika na maswali, wanafunzi watahisi wanapotezewa muda, na fomu ya mwisho wa muhula itamwadhibu. Lakini yule mwanafunzi mbia aliyeshiriki kubuni zoezi, aliyeona matokeo ya jaribio, ana lugha ya kuwaambia wenzake kwa nini wiki hii inauma. Watafiti wenyewe waliona kwamba wanafunzi wakielezwa mapema jambo hili, mtazamo wao hubadilika. Nani wa kulieleza kuliko aliyelipitia mwaka uliopita? Mwanafunzi hahitajiki kuamua kama mbinu inafanya kazi, vipimo vitasema. Anahitajika kusema inakwama wapi.

Nirudi kwa Bologna na ile mitihani, kwa sababu hapo pana kidonda ambacho watetezi wengi wa ubia hukifunika kwa maneno mazuri. Mimi nina kalamu ya alama, mwanafunzi hana. Kupanga viti kwa duara hakuondoi hilo, wala chai, wala kuitana kwa jina la kwanza. Mwanafunzi ninayemsahihishia mtihani mwezi ujao hawezi kuniambia kwamba mihadhara yangu ya Jumanne haieleweki, na akiniambia ni kwa sababu ana ujasiri usio wa kawaida. Kwa hiyo naamini kanuni iwe ngumu: wabia wa kozi wawe waliokwisha kuimaliza na matokeo yametoka, au watokao fani nyingine. Darasa linaloendelea lishirikishwe katika mambo ambayo uwazi wake hauhitaji ujasiri, kama kutunga vigezo vya usahihishaji pamoja kabla ya kazi kuandikwa. Hili la mwisho linafaa sana. Wape insha mbili za miaka ya nyuma zilizofutwa majina, waambie waziweke kwenye daraja na waeleze sababu, halafu linganisheni na sababu zako. Utagundua una kigezo ambacho hukuwahi kukiandika popote, na umekuwa ukikitozea alama.

Alama zenyewe nabaki nazo. Kuna wanaotaka wanafunzi wajipangie alama, na nimesoma hoja zao kwa heshima, lakini cheti kinakwenda kwa mtu wa tatu ambaye hakuwa kwenye mazungumzo yetu: mgonjwa atakayetibiwa, mtu atakayepita juu ya daraja. Yeye naye ana haki.

Suala la nani anaitwa lina uzito kuliko linavyopewa. Ukitoa tangazo la kujitolea, watakuja walewale: mwakilishi wa darasa, wa mdahalo, anayekaa mstari wa mbele, ambaye kozi ilishamfaa hata kabla haijarekebishwa. Ushauri wake utakuwa kwamba kozi ni nzuri, labda iongezwe makala za kusoma. Hayupo aliyerudia mtihani. Hayupo anayefanya kazi usiku, mwenye mtoto mchanga, mwenye ulemavu wa kuona ambaye slaidi zako zenye picha tupu hazimwambii kitu, wala yule ambaye lugha ya kufundishia ni ya tatu kwake na husoma kila ukurasa mara mbili. Hao ndio wanaojua kunguni. Na hawatakuja bure, kwa sababu saa zao zina bei tayari.

Kwa hiyo walipwe. Kama chuo hakina fedha, wapewe krediti za kozi zinazohesabika kwenye shahada. Cheti cha kushukuru chenye muhuri si malipo. Naelewa bajeti ni finyu, lakini chuo kinachomlipa mshauri wa nje kuja siku mbili kukagua mtaala hakiwezi kusema hakina cha kumpa mtu aliyeuishi mtaala huohuo miaka mitatu.

Wahadhiri nao wana malalamiko ya haki. Kupanda cheo kunategemea machapisho, na saa ulizokaa na mwanafunzi kuipitia silabasi hazionekani popote kwenye faili lako. Mhadhiri wa mkataba wa miezi minne ana sababu nzuri ya kuogopa mtu akiketi nyuma ya darasa na daftari. Kwa hiyo yale yanayoandikwa na mwanafunzi mbia yasiende kwa mkuu wa idara kabisa, na chuo kikisema kinathamini kazi hii, kiiweke kwenye vigezo vya kupanda cheo. Pasipo hayo mawili, watakaojitokeza ni wachache wenye ajira za kudumu na mapenzi binafsi, na jambo litakufa siku watakapostaafu.

Kwa mhadhiri asiye na mpango wowote wa chuo nyuma yake, ipo njia ya kuanzia ambayo haihitaji kibali. Ilianza Marekani, Chuo Kikuu cha Washington, zaidi ya miaka arobaini iliyopita. Katikati ya muhula, mtu mwingine usiyemsimamia wala asiyekusimamia anaingia darasani kwako, wewe unatoka. Wanafunzi wanagawanyika katika vikundi vidogo na kujibu maswali mawili matatu: nini kinakusaidia kujifunza hapa, nini kinakuzuia, ungependekeza nini. Kisha wanayajadili kwa pamoja, maana lawama ya mtu mmoja mara nyingi hupingwa na walioko pembeni yake, na hilo nalo ni la kulijua. Inachukua nusu saa hivi. Mgeni wako anakuletea muhtasari bila majina.

Kazi inayobaki ni yako, kwenye kipindi kinachofuata kabla hujafungua slaidi. Unawaambia: mmeomba mifano iliyotatuliwa, tutaanza nayo leo. Mmeomba insha isogezwe, nimeisogeza siku sita. Mmeomba kazi za vikundi ziondolewe. Siziondoi, na sababu zangu ni hizi, nipingeni. Halafu unanyamaza na kuwaacha wapinge.